Kisukari Goma: Insulini Bila Friji, Safari Bila Muganga

Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama. Umati ulielekea Sake, kilomita zipatazo 25, wengi kwa miguu. Kwa anayejidunga insulini, mwendo kama huo una hatari yake. Misuli inayofanya kazi hula sukari ya damu, na dozi inayomtosha siku za kawaida inaweza kumwangusha njiani akiwa hajala.

Dalili huanza na jasho, mikono kutetemeka na mawazo kuvurugika. Kipimo kikionyesha chini ya 70 (miligramu kwa desilita), anahitaji gramu 15 za sukari papo hapo: vijiko vidogo vitatu au vinne ndani ya maji. Asubiri dakika 15, apime tena, kisha ale. Asiye na kipima sukari asingoje. Akihisi dalili, anywe. Njiani hakuna muganga wa kuuliza, kwa hiyo kumfundisha mgonjwa kuna uzito sawa na kumpa dawa.

Huko Mweso, katika Masisi, Madaktari Wasio na Mipaka waliingiza huduma ya kisukari hospitalini vita vikiendelea. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 ilisikiliza wagonjwa na wahudumu wenyewe. Ukosefu wa usalama, umaskini na ugumu wa kufuata ushauri wa chakula vilijitokeza kama vikwazo vikubwa.

Hilo la chakula linaeleweka. Aliyekimbia shamba lake hula anachopata, na mara nyingi ni bugali. Hata hivyo kiasi kina maana: tonge lipungue, sombe, lengalenga au maharagwe viongezeke, pamoja na sambaza za Ziwa Kivu zikipatikana. Chai inyweke bila sukari. Si haki kumlaumu mtu kwa sukari iliyopanda wakati sahani yake inategemea mgao.

Halafu kuna insulini yenyewe. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini Goma, umeme na maji vilikatika. Chupa isiyofunguliwa huhitaji nyuzi 2 hadi 8, na friji ikizimika wengi huamini dawa imekufa. Habari njema imetoka kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la humo, kati ya nyuzi 25 na 37, wakaijaribu insulini katika hali hiyo hiyo kwa wiki nne. Matokeo yao ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa haikupoteza nguvu. Maana yake ni kubwa: mgonjwa anaweza kukaa na dawa nyumbani badala ya kufuata sindano kituoni kila siku.

Goma, iliyo juu ya mita 1,400, haina joto la Dadaab. Chupa inayotumika ikae kivulini, mbali na moto wa makaa na jua la dirishani, au ndani ya chungu chenye unyevu. Isigande kamwe; iliyoganda hutupwa.

Kosa la hatari kuliko yote ni kuacha kujidunga kabisa kwa sababu ya homa au kukosa hamu ya kula. Mwili unaougua huweza kupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Mgonjwa anywe maji, apime mara nyingi zaidi, na akitapika mfululizo au kupumua kwa kasi na kwa kina, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.