Ndege wa Bendera Anahitaji Kinamasi

Siku timu ya taifa ya Uganda inapocheza kwenye uwanja wa Namboole, Kampala nzima hujaa korongo. Wamo vifuani mwa mashabiki, wamo kwenye bendera zinazopepea juu ya bodaboda, na wamo hata mifukoni, kwa kuwa kichwa cha ndege huyo kimechorwa kwenye sarafu ya shilingi 500. Timu yenyewe inaitwa Cranes, yaani Makorongo. Lakini ndege mkubwa anayeonekana juu ya miti ya jiji si huyo. Ni kaloli, mwenye kipara na mfuko wa shingoni, anayejitafutia riziki majalalani. Korongo wa bendera hutafutwa nje ya mji, kwenye mafunjo na nyasi zenye maji.

Jina lake la Kiswahili ni korongo taji, na taji hilo analo kweli: manyoya magumu, membamba, ya rangi ya dhahabu, yamesimama kisogoni kama miale ya jua. Paji la uso ni jeusi, laini kama mahameli. Shavu ni jeupe lenye doa jekundu, kooni kunaning'inia kifuko chekundu, shingo ni ya kijivu, na bawa likikunjuliwa linaonyesha weupe, dhahabu na hudhurungi iliyokolea. Akisimama anafikia kimo cha mita moja hivi, na mabawa yake yakitandazwa yanafika mita mbili. Uzito wake, hata hivyo, ni kama kilo tatu na nusu tu.

Duniani kuna aina 15 za korongo wa jamii hii, kuanzia Siberia hadi Australia. Karibu wote hulala chini au majini. Huyu wa bendera, korongo taji wa kijivu, na ndugu yake mweusi wa Afrika Magharibi na Sudan ndio pekee wanaolala mitini, kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kirefu na kinaweza kushika tawi. Sauti yao pia ni tofauti. Korongo wengine wengi wana koo refu la pumzi lililojikunja ndani ya mfupa wa kifua, nao hulia kama tarumbeta. La korongo taji ni fupi, hivyo hujaza hewa kile kifuko chekundu na kutoa mvumo mzito.

Akila, hukanyagakanyaga ardhi kwa vishindo ili panzi warukeruke, kisha huwadonoa mmoja mmoja. Hula pia vyura, mbegu za nyasi na mahindi ya wakulima. Halafu kuna ngoma. Jike na dume huinamiana, huruka juu, hutanua mabawa na kurusha vijiti hewani. Makinda nayo hucheza, na kundi zima likiingia uwanjani mtazamaji husahau kazi iliyompeleka huko.

Waganda humwita ng'aali, na Buganda kuna ukoo ambao muziro (mwiko) wake ni ndege huyu; watu wa ukoo huo hawamli. Waingereza walimweka kwenye nembo ya himaya yao ya Uganda. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, bendera iliyobuniwa na Grace Ibingira ilimbakiza katikati, mguu mmoja ameuinua kama ishara ya nchi inayosonga mbele.

Heshima hiyo haikumkinga. Katikati ya miaka ya 1980 Afrika ilikadiriwa kuwa na korongo taji wa kijivu zaidi ya 100,000. Miaka thelathini baadaye makadirio yalishuka hadi kama 30,000. Tangu 2012 wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu kubwa ni kiota. Korongo taji hujenga ndani ya maji ya kina kifupi, kwa kulaza na kurundika majani, na kutaga mayai mawili hadi manne. Wazazi hupokezana kuatamia kwa takriban mwezi mmoja, na baada ya hapo makinda hukaa miezi miwili au mitatu bila kuweza kuruka. Muda wote huo familia haina pa kujificha ila kinamasi. Wilayani Kabale, vinamasi vingi vimekaushwa kwa ajili ya viazi na malisho. Kampala, kinamasi cha Lubigi kimekatwa na barabara ya Northern Bypass, na kingo zake zinazidi kujazwa udongo.

Sababu nyingine ni mikono ya watu. Makinda hukamatwa na kufugwa kama mapambo ya bustani, yakiwa yamekatwa manyoya ya mabawa. Rwanda imeonyesha kwamba hili linazuilika. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na chama chake walianza mwaka 2014 kuwakusanya waliofungiwa majumbani na hotelini. Walioweza kuruka walirudishwa porini, na walemavu wanatunzwa Umusambi Village, Kigali. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata korongo 487 porini nchini humo. Miaka michache baadaye wamepita 1,000.

Kwa hiyo, msomaji, ukikuta kinda la korongo peke yake kwenye majani ya bondeni, usilibebe. Wazazi wake hawako mbali. Rudi nyuma taratibu, nao watalirudia.