Kutoka uji hadi chang'aa: Nafaka ya sikukuu hufanya nini mwilini?

KILA Desemba, mabasi ya usiku kutoka Nairobi huwateremsha watu Kisumu, Ahero, Bondo na Homa Bay wakiwa na mizigo mikononi na hamu ya chakula cha nyumbani. Huko bomani moto umeshakokwa. Kuku wa kienyeji yuko jikoni, samaki aina ya ngege na mbuta wamekaangwa, mboga ya osuga inatokota na maziwa, na ugali wa mtama unasongwa.

Kando ya chakula hakukosi kinywaji. Watoto hupewa uji. Wakubwa hutafuta busaa, bia, au siku hizi chupa ya divai aliyoibeba mgeni kutoka mjini. Wengine, wakishapungukiwa na pesa, huishia kwenye chang'aa.

Uji, busaa na chang'aa hutokana na nafaka zile zile: mtama, wimbi na mahindi. Kinachozitofautisha ni kazi ya vijidudu na moto. Familia inayoielewa kazi hiyo itajua kinywaji cha kumpa mtoto, cha kumpimia mzee, na kisichofaa kuvuka lango la boma.

Uji mchachu na damu ya mtoto

Unga wa mtama au wimbi ukikorogwa kwa maji na kufunikwa kwa siku moja au mbili, bakteria wa asidi ya laktiki huanza kazi. Hawa ni wa jamii moja na wale wanaogandisha maziwa. Hula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa asidi, na ndiyo maana uji huwa mkali ulimini. Asidi hiyo hufanya mazingira kuwa magumu kwa vijidudu vingi vinavyosababisha kuhara. Hata hivyo haichukui nafasi ya moto: uji mchachu lazima uchemke vizuri kabla ya mtoto kuunywa.

Faida ya pili haionekani kwa macho. Mtama, hasa ule mwekundu, una tanini, na nafaka zote nzima zina faiteti. Kemikali hizi hushikana na madini ya chuma na zinki, mwili ukashindwa kuyafyonza. Kuchacha huzipunguza. Kandokando ya Ziwa Victoria jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu malaria huharibu chembe nyekundu za damu na kuwaacha watoto na wajawazito na upungufu wa damu. Kila punje ya chuma inayofika mwilini ina kazi ya kufanya.

Mezani vilevile. Dagaa aina ya omena huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo humpa mlaji kalisi pamoja na protini na chuma. Osuga na akeyo zina chuma pia, lakini chuma cha mboga hufyonzwa vizuri kikikutana na vitamini C. Kamulia ndimu juu ya samaki, au malizia mlo kwa mapera au chungwa. Magadi yanayotiwa ili mboga ilainike haraka, pamoja na kuchemsha kwa muda mrefu, huangamiza sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Nayo chai ya rangi au ya maziwa, ikiandamana na chakula, huzuia chuma kufyonzwa. Ni vyema isubiri saa moja.

Jambo moja husahaulika katika furaha ya wageni wengi. Asidi inayoulinda uji haimo kwenye mchuzi wa samaki, kuku wala wali wa Ahero. Vyakula hivi vikikaa katika joto la Kisumu kwa zaidi ya saa mbili, bakteria huzaana kwa kasi. Wali una hatari yake: mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, kisha huamka wali unapopoa polepole na kutoa sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Pasi na friji, pika kiasi kitakacholiwa.

Busaa na hatari ya mahindi yaliyooza

Kutoka uji hadi busaa ni hatua fupi. Unga wa mahindi ulioloweshwa na kuchacha hukaangwa kwenye karai kubwa, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi. Nafaka inayochipua huwa na vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Hamira nayo huigeuza sukari kuwa pombe na gesi. Zamani wazee wa Kijaluo walikizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, oseke, wakinywa polepole huku wakizungumza.

Kwa kawaida busaa huwa na pombe ya kati ya asilimia 2 na 4. Wengi huidharau kwa sababu inashibisha kama chakula. Lakini nusu lita ya busaa ya asilimia 4 ina gramu 16 hivi za pombe halisi, kiasi kile kile kilichomo katika kipimo cha mililita 50 za pombe kali ya asilimia 40.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye ghala. Mahindi yasiyokauka sawasawa huota kuvu wanaotoa sumu ya aflatoksini inayoshambulia ini. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoingia sumu hiyo. Tabia ya kuyatenga mahindi mabovu yasisagwe ugali, kisha kuyapeleka kwenye busaa, ni kuhamisha sumu kutoka sahani hadi chungu. Kuchachusha na kupika hakuwezi kuaminiwa kuiondoa.

Divai, bia na ini

Zabibu ya divai haihitaji kimea kama nafaka ya busaa, kwa kuwa sukari yake iko tayari ndani ya tunda. Mzabibu hausitawi kwa urahisi kwenye unyevunyevu wa pwani ya ziwa, ambako magonjwa ya ukungu huusumbua. Familia inayotaka kuona mashamba na viwanda vya divai hulazimika kuelekea Naivasha, inakotoka divai ya Leleshwa, au kuvuka mpaka hadi Dodoma, ambako ukame huwawezesha wakulima kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kisumu yenyewe ina kiwanda cha bia kilichofunguliwa upya mwaka 2019, na mtama wa wakulima hupata soko humo.

Ziara ya namna hiyo ina mafunzo mengi kwa familia, watoto wakiona tunda au nafaka inavyobadilika. Kuonja ndiko kunakotaka hesabu. Glasi ya mililita 150 ya divai ya asilimia 12 ina gramu 14 za pombe. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halikubali kuharakishwa kwa kahawa wala maji baridi. Glasi moja ni kazi ya saa mbili hivi. Chakula tumboni huchelewesha pombe kuingia kwenye damu, lakini hakiifuti.

Na ile imani kwamba divai nyekundu ni dawa ya moyo? Tafiti za zamani zilizoisifu ziliwaweka katika kundi la wasiokunywa hata watu walioacha pombe kwa sababu ya ugonjwa, hivyo wanywaji wakaonekana wazima kuliko walivyo. Mwaka 1988 pombe iliorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani, ikiwemo ya umio, mojawapo ya saratani zinazowaua Wakenya wengi. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Mjamzito asiguse kabisa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi yumo hatarini, kwa kuwa ini likishughulika na pombe hupunguza kutoa sukari, na anaweza kuzirai usiku wenzake wakidhani amelewa tu. Anayetumia dawa za kifua kikuu huliongezea ini mzigo. Mtoto asionjeshwe hata kwa mzaha.

Chang'aa isiyojulikana ilikotoka

Busaa ikichemshwa na mvuke wake kupozwa, hutoka chang'aa. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu itengenezwe kwa viwango vilivyowekwa na kuuzwa katika chupa yenye lebo. Inayouzwa kwa kificho haina kipimo chochote.

Muuaji mkuu huwa methanoli, pombe ya viwandani inayoongezwa na wafanyabiashara wenye tamaa. Ladha haiifichui. Mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, ambayo huharibu mishipa ya macho. Mei 2014 iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 pombe yenye sumu iliua watu wasiopungua 17 Kirinyaga.

Dalili zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kukata, kuhema kwa kasi na kuona ukungu mweupe. Aliyelala akidhaniwa amelewa huenda anakufa. Mkimbize hospitali yenye uwezo, kama ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, na useme wazi alichokunywa. Kuna dawa inayoizuia sumu na mashine ya kusafisha damu, lakini kila saa inayopita hupunguza nafasi ya kuyaokoa macho yake.

Basi sikukuu hii, sufuria ya uji mchachu iwe ya kwanza kuinjikwa na ya mwisho kuepuliwa. Kagua mahindi kabla ya kusaga. Ukiamua kunywa, kula kwanza, hesabu glasi na usiguse usukani. Na chang'aa isiyo na lebo, hata ikiletwa na binamu unayempenda, imwage.