Konda akikuacha kituoni kwa sababu ya ulemavu, sheria inasemaje?

Ni saa 12 asubuhi kwenye kituo cha daladala Dar es Salaam. Gari linasimama, watu wanagombania mlango. Pembeni yupo abiria aliyekaa kwenye kiti mwendo. Konda anamtazama, anagonga bodi, gari linaondoka. La pili hivyohivyo. La tatu linakubali, ila kwa sharti: na kiti nacho kilipiwe.

Wengi wameshaiona hali hii na wakanyamaza. Kwa mujibu wa Sensa ya 2022, asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Wanaenda kazini, shuleni na hospitali kama wengine.

Je, ni haki au ni hisani?

Ni haki. Ibara ya 12 ya Katiba inasema binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Tanzania Bara ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayokataza ubaguzi na kutaka huduma za umma zifikike. Zanzibar ina sheria yake.

Juu ya hapo, mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 9 ya mkataba huo inataja usafiri moja kwa moja.

Kwa nini makonda wanakwepa?

Sababu kubwa ni hesabu. Dereva na konda wengi wana kiasi cha kumpelekea mwenye gari kila siku. Dakika mbili za kumpandisha mtu wanaziona ni abiria waliopotea. Magari mengi pia yana ngazi ndefu na mlango mwembamba.

Hilo linaeleza tatizo, halihalalishi ubaguzi. Mkataba unasema kumnyima mtu marekebisho ya kawaida yasiyo na mzigo mkubwa nako ni ubaguzi. Kusubiri dakika mbili si mzigo mkubwa.

Na kiti kulipiwa?

Kiti mwendo si gunia la mkaa. Ni miguu ya mwenye nacho. Nauli za daladala zinapangwa na LATRA, si konda pale mlangoni.

Inawezekana kufanya vizuri?

Inawezekana. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, vituo vilijengwa na jukwaa linalolingana na sakafu ya basi, ili mtu aingie bila kupanda ngazi. Changamoto inabaki msongamano: jukwaa halisaidii kitu kama watu wanasukumana mlangoni.

Ukikataliwa, fanya hivi

- Andika namba ya gari, njia yake, mahali na saa.
- Omba shahidi mmoja akupe namba yake ya simu.
- Peleka malalamiko LATRA, ndiyo inayotoa leseni za usafirishaji. Lipo pia baraza la kutetea watumiaji wa usafiri wa ardhini, LATRA CCC.
- Kama ni ubaguzi wa wazi, nenda pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Na wewe abiria mwingine?

Uliza kwanza kabla ya kushika. Asiyeona usimvute mkono, mpe kiwiko chako akishike mwenyewe. Kiziwi mwandikie kwenye simu jina la kituo. Mwenye kiti mwendo muulize kinakunjwaje na kishikwe wapi. Na ongea na yeye mwenyewe, si na aliyemsindikiza.

Konda akitaka kuondoka, sauti ya abiria mmoja ikisema "subiri apande" mara nyingi inatosha kulisimamisha gari.