Usimnyang'anye Bibi Ukili Wake

Anayemtazama mwanamke akisuka mkeka barazani huona vidole tu. Kazi kubwa iko kichwani. Ukindu ukishaanikwa, ukachanwa na kutiwa rangi, msusi huanza hesabu: chane ngapi ziwe nyekundu, ngapi ziachwe nyeupe, nakshi igeukie wapi. Akiruka chane moja, kosa humfuata mbele kwa mbele, na hana budi kufumua. Baadaye ukili, ule utepe mrefu aliousuka, utashonwa mshono kwa mshono, na nakshi lazima zikutane. Anahesabu, anakumbuka, anapanga na kusahihisha, huku soga likiendelea.

Wataalamu wa ubongo wamekuwa wakiuliza kama shughuli za namna hii zinaweza kuchelewesha dimensia, maradhi yanayomla mtu kumbukumbu, lugha na uwezo wa kujiendesha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi nayo, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dimensia si uzee wa kawaida. Uchawi ndio kabisa haumo.

Utafiti mmoja ulitoka Bronx, New York, ukachapishwa mwaka 2003 katika New England Journal of Medicine. Joe Verghese na wenzake walifuatilia wazee 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75 kwa muda wa takriban miaka 5. Kati yao, 124 walipata dimensia. Waliozoea kusoma, kucheza michezo ya ubao, kupiga ala za muziki na kucheza dansi walipatwa nayo kwa uchache zaidi. Katika shughuli zote za viungo zilizopimwa, dansi peke yake ndiyo iliyoonyesha uhusiano huo. Nadhani mcheza bao hatashangaa: mwenye vishimo 32 na kete 64 za kufuatilia, kutoka hatua ya namua hadi ya mtaji, hana nafasi ya kusinzia.

Lakini hapa pana mtego. Dimensia huanza kuuharibu ubongo miaka mingi kabla ya dalili kuonekana. Huenda basi si dansi iliyomkinga mzee, bali yule aliyekwisha kuanza kudhoofika ndiye aliyeacha dansi mapema. Kuwafuatilia watu tu hakutoshi kulifungua fumbo hilo. Inabidi wapangiwe kazi, kisha wapimwe.

Ndivyo alivyofanya Denise Park na timu yake huko Texas, matokeo yakatoka mwaka 2014. Watu wenye umri wa miaka 60 hadi 90 walijifunza jambo jipya kwa saa kama 15 kwa wiki, miezi 3: wengine upigaji picha kwa kamera ya kidijitali, wengine kushona mablanketi ya viraka, wengine yote mawili. Kundi jingine lilikutana kwa mazungumzo, michezo na matembezi bila kujifunza ujuzi mgumu. Waliojifunza ndio walioimarika kumbukumbu. Kukaa pamoja na kucheka, kwa uzuri wake wote, hakukutoa matokeo sawa. Mwaka huohuo, utafiti mdogo wa Ujerumani uliwashirikisha wastaafu 28 kwa wiki 10. Nusu walichora na kuumba sanaa kwa mikono yao, nusu walijadili michoro ndani ya jumba la makumbusho. Picha za MRI zilionyesha mawasiliano bora kati ya sehemu za ubongo kwa waliotengeneza, si kwa waliotazama. Watu 28 ni wachache mno kujengea hukumu, ila mwelekeo ni uleule.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya akiba ya utambuzi, dhana iliyoendelezwa na Yaakov Stern wa Chuo Kikuu cha Columbia. Barabara kuu ikifungwa na mafuriko, dereva anayejua vichochoro bado atafika; vivyo hivyo ubongo uliozoeshwa kazi ngumu hupata njia nyingine. Wapo watu ambao ubongo wao, ulipochunguzwa baada ya kifo, ulikutwa umejaa alama za Alzheimer, aina mojawapo ya dimensia, ilhali walipokuwa hai hawakuonyesha dalili.

Ndiyo maana ule wema wetu wa "Mama, umechoka, pumzika sasa" unanitia shaka. Tunampa televisheni, tunaondoa chane miguuni pake, tunajisifu kwamba tumemtunza. Na anayesuka nakshi ileile kwa miaka 40 naye anahitaji kuchokozwa: aombwe mtindo asioujua, au amfundishe mjukuu. Babu asiyewahi kupiga ala ya udi si mzee mno kuanza, hata majirani wakilalamika.

Hata hivyo, sanaa peke yake haitoshi: haishushi presha. Jopo la jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kuwa karibu asilimia 45 ya visa vya dimensia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwemo presha, kisukari, sigara, upweke na usikivu hafifu. Mzee asiyesikia vizuri ataikimbia kwaya, basi apimwe masikio kwanza.

Mzee akianza kupotea njia aliyoizoea, kurudia swali lilelile au kushindwa kuhesabu chenji, mpeleke hospitali mapema. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingoni, sonona na hata baadhi ya dawa huleta dalili zinazofanana na dimensia, na hayo yana tiba.