Mnapohama, Paka Mtamwacha kwa Nani?



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa na mkazi wa Syokimau, ametuletea swali. Mumewe amekwisha kutangulia Uingereza kikazi, naye pamoja na watoto wanajiandaa kumfuata. Nyumba ya kupanga itarudishwa kwa mwenyewe baada ya miezi miwili. Vyombo vimeanza kugawiwa jamaa, na kila kitu kimepata pa kwenda isipokuwa paka waliyemlea tangu hajafumbua macho. Jirani amemshauri amwache karibu na bucha, kwa hoja kwamba paka hafi njaa penye nyama. Dada anauliza: je, hilo lajuzu? Na kama halijuzu, paka husafirishwaje kwa ndege?

Wako watakaosema kuwa swali hili ni dogo mbele ya mizigo ya kuhama. Sisi twaliona kubwa, kwa kuwa linahusu kiumbe asiyeweza kujisemea.

Hukumu ya kumtelekeza

Wengi wetu tulifundishwa chuoni habari ya mwanamke aliyeingia adhabuni kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumpa nafasi ya kujitafutia. Jirani aweza kujibu: "Basi sisi hatumfungii, twamwachia huru." Lakini paka aliyekulia ndani, aliyezoea kisahani chake kila asubuhi, hakufundishwa kuwinda. Kumtupa kando ya barabara yenye magari na mbwa wa mtaani ni kumfungia mlango wa riziki kwa upande wa nje.

Imamu Nawawi, katika Minhaj inayosomwa sana na sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ameeleza kuwa chakula na maji ya mnyama ni wajibu juu ya mwenye kumfuga. Kwa hiyo jawabu la kwanza ni hili: si lazima kusafiri na paka, lakini ni lazima kutomtelekeza. Ama mtakwenda naye, ama mtamkabidhi kwa mtu mwaminifu aliyekubali kwa ulimi wake. Na uamuzi huo ufanywe siku ile ile mnayoamua kuhama. Sababu yake mtaiona katika hesabu ya siku.

Karibu na uwanja si karibu na safari

Mkazi wa Syokimau huziona ndege za Jomo Kenyatta zikipaa na kutua, na kituo kikuu cha reli mpya ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, kiko mtaani kwake. Ni rahisi kudhani kuwa siku ya safari itatosha kumtia paka kikapuni na kwenda zake. Kinachochelewesha ni karatasi, na karatasi zenyewe zimewekwa kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu humuua mwanadamu karibu kila mara dalili zinapodhihiri, na paka huweza kuuambukiza kama mbwa. Nchini Kenya ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Serikali ilipoweka mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuutokomeza, Machakos ilikuwa miongoni mwa kaunti za kuanzia. Uingereza nayo iliuondoa kwa wanyama wake wa nchi kavu mwaka 1922, na haitaki urudi. Tusiwaone maofisa wake kuwa ni watu wa kutusumbua; wanalinda watoto wao kama tunavyolinda wetu.

Hesabu ya siku

Kwa anayekwenda Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya akitokea Kenya, mpangilio ni huu, na hauruki hatua.

Kwanza, daktari wa mifugo humtia paka chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Ni ndogo kama punje ya mchele, nayo hubeba nambari ya tarakimu 15. Maumivu yake ni ya sindano moja.

Pili, paka huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, naye awe ametimiza wiki 12. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi.

Tatu, zipite siku zisizopungua 30, kisha atolewe damu ipimwe katika maabara iliyoidhinishwa, ionekane kama kinga imefikia kiwango.

Nne, kingojewe kipindi cha miezi 3 tangu siku ya kutolewa damu. Siku ya kupata majibu haihesabiwi kuwa mwanzo.

Tano, zikikaribia siku za safari, cheti rasmi cha afya hutolewa. Kwa Uingereza, paka awe ameingia ndani ya siku 10 tangu cheti kutolewa. Cheti na kibali cha kumtoa mnyama nchini hufuatiliwa katika Idara ya Huduma za Mifugo, Kabete.

Jumlisha, utaona kuwa miezi minne haitoshi kwa raha. Miezi mitano au sita ndiyo salama. Chanjo ikiisha muda kabla ya kurudiwa, hesabu huanza upya.

Jambo jingine wengi hawalijui. Ili paka ahesabiwe kuwa wa nyumbani na si wa biashara, safari yake isipishane na ya mwenyewe kwa zaidi ya siku 5. Baba akitangulia na mama akafuata baada ya miezi, basi karatasi za paka ziandikwe jina la mama tangu mwanzo.

Wanaokwenda Muscat au Dubai wasifuate hesabu hii kwa kukisia. Huko hutakiwa kibali cha kumwingiza mnyama, na masharti yake yaulizwe kabla ya kununua tikiti. Anayerudi Mombasa hana mpaka wa nchi wa kuvuka, lakini aliulize shirika la ndege kama linapokea wanyama, na amchanje paka wake vilevile.

Kizimba na mazoea

Kanuni za jumuiya ya mashirika ya ndege, IATA, zataka kizimba kigumu, chenye matundu ya hewa na sakafu isiyovuja, ambacho paka aweza kusimama, kugeuka na kulala humo bila kujikunja. Uingereza haipokei paka katika chumba cha abiria. Huja kwa utaratibu wa shehena. Kwa hiyo kizimba ndicho nyumba yake kwa saa nyingi, peke yake.

Kinunueni mapema, kiwekwe sebuleni mlango wazi. Mlisheni humo. Tandikeni kitambaa chenye harufu ya nyumba. Wapeni watoto kazi hii, nao watajifunza huruma kwa mikono yao. Baada ya wiki kadhaa paka ataingia mwenyewe kulala.

Msimpe dawa ya usingizi kwa kumhurumia. Dawa hizo huweza kushusha pumzi na msukumo wa damu akiwa angani pasipo mtu wa kumtazama, na mashirika mengi humkataa mnyama aliyelevywa. Paka wa Kiajemi na wenzake wa pua fupi hupumua kwa taabu, na baadhi ya mashirika hayawachukui kabisa. Mzee, mgonjwa na mwenye mimba, ni bora wabaki.

Siku ya safari

Wapakiaji wakija, mfungieni paka katika chumba kimoja chenye maji na beseni la mchanga, kwa kuwa mlango ulioachwa wazi siku hiyo ndio humpoteza. Mpeni chakula chepesi muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya safari, na maji hadi dakika ya kuondoka.

Kina mama wakumbuke pia tohara. Mate ya paka si najisi, naye hahesabiwi kuwa mchafu kwa kupitapita kwetu. Mkojo na matapishi yake ni najisi, na safari huyaleta yote mawili. Nguo za swala zifungwe mbali na kizimba.

Amepokea Abu Daud kutoka kwa Anas kwamba masahaba walipotua safarini hawakutangulia kuswali kabla ya kuwapunguzia wanyama wao mizigo. Basi mkifika, kabla ya kufungua masanduku, mfungulieni paka chumba kimoja, mpeni maji, mwacheni atulie. Asitoke nje kwa wiki 2 au 3 mpaka aizoee nyumba.

Jawabu kwa dada yetu

Dada, miezi miwili uliyobakiwa nayo haitoshi. Waweza kuahirisha safari yako ili paka aende nawe, iwapo nafasi ipo na hakuna deni wala haki ya mtu itakayodhulumika kwa gharama hizo, nazo si ndogo. Au mkabidhi kwa jamaa anayependa paka, umchanje kwanza, umwachie cha kumlisha, na watoto wampeleke wenyewe wakaone atakapolala. Ukifanya hivyo umetimiza amana, wala huna lawama.

Bucha la jirani liondoe katika hesabu.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama wote wanaohama, na atujaalie huruma kwa viumbe vyake. Amin.