CV za steshenari zinatunyima kazi

Vijana wa hapa kwetu Nyakitonto wananiuliza kila mara: mbona tunaomba kazi mwaka wa tatu huu na hata kwenye usaili hatuitwi? Wengi wanajibu wenyewe kwamba ni "kujuana". Kujuana kupo, sikatai. Lakini nimewahi kuwa miongoni mwa watu waliochambua maombi ya shirika moja dogo wilayani Kasulu, na nilichokiona mle hakikuhitaji mjomba wa mtu.

CV nyingi ziliandikwa na mtu mmoja! Mwombaji anapanda bodaboda hadi Kasulu mjini siku ya mwisho, kijana wa steshenari anafungua CV ya mteja wa jana, anabadilisha jina na tarehe ya kuzaliwa, anachapa. Tukazipanga mezani: wote wanapenda kusoma vitabu na kubadilishana mawazo. Mwanamume mmoja aliandikwa jinsia "mwanamke", na saini yake ipo chini kabisa.

Hilo ni dogo. Kubwa ni barua pepe. Anayeifungua ni huyo huyo wa steshenari, na nywila inabaki kwenye daftari lake. Sasa kazi za serikali tunaziomba kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na akaunti yako mle imefungamana na barua pepe. Umeitwa usaili, taarifa ipo kwenye akaunti usiyoweza kuifungua, wewe uko shambani unapalilia maharage. Na laini ya simu uliyoandika ulishaitupa zamani.

Halafu majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne mawili, NIDA wameweka "l" penye "r". Mchambuzi mwenye rundo la maombi hakupigii kukuuliza, anaweka pembeni. Na tangu Aprili 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa pale Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, watu wanaangalia majina kwa jicho kali. Ukiona tofauti, muone wakili mapema akuandalie hati ya kuthibitisha majina, usisubiri tangazo. Na ambatisha cheti chenyewe. Matangazo ya Sekretarieti yanasema wazi kuwa hati matokeo ya kidato cha nne na sita haikubaliki, ila watu wanaituma tu.

Linaloniuma zaidi ni tunayoyaacha. Kwenye lugha kila mtu anaandika Kiswahili na Kiingereza, "vizuri sana". Kiha hakuna! Jamani, Nduta ilipoanza kupokea Warundi mwaka 2015, na Mtendeli mwaka 2016, mashirika yalihitaji watu wa kuongea na wale wakimbizi, na Muha na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Najua kwa nini tunaficha. Mtu wa mpakani akisema anajua Kirundi anaogopa kuulizwa uraia, maana hata hicho kitambulisho cha NIDA wengine wamekipata kwa mahojiano marefu. Lakini lugha haiuondoi uraia wako. Andika Kiha, na kama unaelewa Kirundi andika hivyo hivyo.

Kuna binti alikuwa karani wa sensa mwaka 2022, akazunguka na kishikwambi nyumba kwa nyumba. Kwenye CV, sehemu ya uzoefu: "sina". Mwingine alikuwa mweka hazina wa VICOBA, anashika hela za watu kila wiki, naye "sina". Kufundisha kwa kujitolea shule ya kijiji ni uzoefu pia. Weka mwaka, mahali na ulichokifanya.

Wadhamini watatu nao wawe watu wanaokujua na uliowaomba. Tulimpigia mtendaji mmoja akasema huyo kijana hamfahamu, kumbe wanakaa kitongoji kimoja.

Steshenari sizikatazi, wengine hatuna kompyuta. Ila andika yako kwanza kwa mkono kwenye daftari, nenda siku kadhaa kabla ya mwisho, isome yote kabla hujalipa. Nywila iweke wewe mwenyewe, na nakala uondoke nayo kwenye flashi.