Kiuno Kinapobeba Kosa la Nyonga

Mwaka 1978 kijana wa Kihispania, Seve Ballesteros, alitwaa ubingwa wa Kenya Open mjini Nairobi. Mwaka uliofuata alishinda Open ya Uingereza, na kabla hajatimiza miaka 32 alikuwa ameshabeba mataji makubwa matano ya gofu. Lakini kiuno kilimwandama. Maumivu ya mgongo aliyoyapata tangu ujanani yalimpunguza makali akiwa bado na umri wa kushinda. Ushindi wake wa mwisho katika mashindano ya Ulaya ulikuja 1995, na mwaka 2007 akatundika fimbo. Tiger Woods naye alipasuliwa mgongo mara nne kati ya 2014 na 2017. Upasuaji wa nne ulikuwa wa kuunganisha pingili mbili za chini, kisha akarudi uwanjani na kushinda Masters mwaka 2019.

Anayeutazama mchezo huu kwenye televisheni anaweza kujiuliza maumivu yanatoka wapi. Mtu anatembea, anasimama, anapiga, anatembea tena. Jibu limo ndani ya pigo. Fimbo hutoka juu hadi kwenye mpira kwa takriban robo sekunde, na kichwa chake, hata kikiwa mikononi mwa mchezaji wa kawaida, hufikia kasi ya kilomita 150 hivi kwa saa. Watafiti wa Marekani waliochapisha vipimo vyao mwaka 1990 waliona kwamba kiuno hubanwa kwa nguvu inayokaribia mara nane ya uzito wa mwili. Hesabu mapigo ya raundi moja, ongeza ndoo mbili za mipira ya mazoezi, na jibu unalo.

Tatizo ni kwamba kiuno hakikuumbwa kwa kuzunguka. Pingili zake tano zinaruhusu nyuzi chache tu. Mzunguko mkubwa unapaswa kutoka kwenye nyonga na sehemu ya juu ya mgongo, ile inayoshika mbavu. Mchukulie mtu anayeketi kwenye gari na ofisini wiki nzima, halafu Jumamosi asubuhi anashuka uwanjani. Nyonga zimekakamaa na mgongo wa juu umejikunja, lakini fimbo lazima izunguke. Kiuno ndicho kinacholazimishwa kutoa kisichokuwa nacho.

Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia anayeijua gofu, akiletewa mgonjwa wa kiuno, hutumia muda mwingi kupima mahali pasipouma. Kwa anayetumia mkono wa kulia, nyonga ya kushoto hukaguliwa kwanza, kwa kuwa mwili wote huigeukia mwishoni mwa pigo. Mgonjwa huketi kitini, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, akaambiwa ageuke kulia na kushoto bila kunyanyua makalio. Upande unaokwama hujulikana mara moja.

Wengi hufika kliniki wakitarajia kukandwa. Watakandwa kidogo, na watapata nafuu kidogo. Tiba yenyewe ni kazi ya kufanya: kulala ubavu magoti yakiwa yamekunjwa na kufungua mkono wa juu hadi nyuma ili mgongo wa juu uzunguke, kunyanyua makalio kutoka sakafuni, kupiga magoti na viganja chini, kisha kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili bila kiuno kuyumba. Kulala kitandani siku nyingi hakushauriwi tena, kwani kutembea kwa kadiri ya uwezo husaidia zaidi. Ila mgonjwa akifa ganzi sehemu za siri, au akishindwa kuzuia mkojo, hayo si ya mazoezi. Aende hospitali saa hiyohiyo.

Watu wanapozungumzia majeraha ya gofu humsahau kedi, yule anayembebea mchezaji begi. Begi lenye fimbo 14, idadi ya juu inayoruhusiwa na kanuni, linaweza kuzidi kilo 10, na hubebwa kwa kilomita kadhaa, mara nyingi kwenye bega moja. Mikanda miwili ingegawa mzigo huo, na kigari cha kusukuma kingeuondoa kabisa. Nadhani mazoezi ya nyonga yanamfaa kedi kuliko hata mwenye begi.

Baada ya kiuno huja kiwiko. Maumivu ya upande wa ndani ndiyo yaliyopewa jina la mchezo huu, ingawa wacheza gofu wengi huumia upande wa nje, ule unaohusishwa na tenisi. Kano zinazoshikilia misuli ya mkono hulemewa kwa kukaza fimbo mno, au kwa kupiga ardhi kabla ya mpira. Kano hupata damu kidogo kuliko misuli, hivyo hujijenga polepole. Kinachoiamsha ni mzigo unaopimwa. Mgonjwa hulaza mkono mezani, kiganja kikitazama juu na kushika chupa ya maji. Huipandisha kwa msaada wa mkono mwingine, kisha huishusha taratibu kwa sekunde tatu au nne. Maumivu madogo yanakubalika iwapo yametulia kufikia kesho yake. Zoezi hili huhitaji wiki nyingi, na hapo ndipo wagonjwa wengi huchoka.

Wakichoka huulizia sindano ya steroidi. Sindano hiyo hupunguza maumivu upesi, na upesi huo una gharama. Katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013, uliohusu maumivu ya nje ya kiwiko, asilimia 54 ya waliochomwa steroidi walirudiwa na tatizo ndani ya mwaka, dhidi ya asilimia 12 ya waliochomwa sindano isiyo na dawa.

Kifundo cha mkono kinadai tahadhari ya pekee. Kitako cha fimbo kinaweza kuvunja kijifupa kidogo cha kiganja, upande wa kidole cha mwisho, na eksirei ya kawaida mara nyingi haikioni. Mchezaji anayeumia hapo na kushindwa kukaza fimbo apelekwe kwenye kipimo cha CT. Huenda akahitaji daktari wa upasuaji kabla ya mazoezi yoyote.

Kurudi uwanjani huanza na mapigo mafupi ya kusukumia mpira shimoni, siku moja ya kucheza na moja ya kupumzika. Hufuata mapigo ya nusu mzunguko kwa fimbo fupi, kisha mashimo tisa. Fimbo ndefu ya kuanzia huja mwisho kabisa. Yule ambaye nyonga yake bado ni ngumu huambiwa ageuze kidogo vidole vya mguu wa kushoto kuelekea anakolenga, ili mwili upate nafasi ya kugeuka bila kukisumbua kiuno.